Anayelisha Ugonjwa Wangu

Mwanangu wa pekee, niliyemsomesha kwa cherehani, alikuwa akiacha chakula mezani kila Jumapili ili akalishe ugonjwa wangu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoelewa wakati ule, na mimi nikishakasirika huwa siulizi mara ya pili.

Jina lake la nyumbani ni Pini. Alipokuwa mdogo alikaa chini ya meza yangu ya kukatia nguo, akinipa pini moja moja, na ole wake mteja aliyesogeza mguu. Nilidhani atakuwa fundi kama mimi. Akaenda kusomea seli, vile vipande vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo mwili wote umejengwa navyo, akapata kazi kwenye maabara inayotafiti saratani za wanawake, jengo la nyuma ya hospitali. Koti lake jeupe nilimshonea mimi mwenyewe, maana yale wanayogawiwa kazini hayana kiuno wala mabega, ni magunia yenye vifungo.

Halafu nikaugua. Tumbo lilivimba nikadhani ni unene wa umri, nikawa naongeza gauni ubavuni na kuendelea na kazi zangu. Nilikuja kushtuka mikono na mashavu yanapungua huku tumbo linazidi. Daktari, mama mmoja mtulivu anayekutazama mpaka umalize kusema, akaniambia ni saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi. Akasema nitapasuliwa, kisha nitawekewa dawa ya kumaliza mabaki ambayo kisu hakitayafikia.

Kabla ya upasuaji aliniuliza kama naweza kuwaachia kipande cha uvimbe wenyewe. Wangekiotesha maabara, wakijaribishie dawa mbalimbali, waone ipi inakiua, ndipo wajue ya kuanza nayo kwangu. Alisema wazi kwamba ni utafiti, hakuna ahadi. Nikasema chukueni chote, mimi sina kazi nacho.

Kipande kikaenda maabara ya akina Pini. Mkubwa wake alipojua ni cha mama yake, akaamua kwamba Pini anaweza kukitunza, lakini majibu ya dawa atayasoma mwenzake, asije akaona anachotamani kuona. Niliipenda akili hiyo. Hata mimi nikimpima mtu ninayempenda, namwona mwembamba kuliko alivyo.

Basi Jumapili moja baada ya upasuaji tulikuwa mezani, mimi, Pini na baba yake, ambaye tangu nitoke hospitali alikuwa amenipokonya jiko. Pini alikula vijiko viwili akatazama saa.

"Mama, nawahi kulisha seli."

"Za nani?"

"Zako."

Akanieleza huku anavaa viatu, kama mtu anayesimulia vifaranga vyake. Kwamba ziko kwenye visahani ndani ya kabati lenye joto kama la mwili. Kwamba zina maji yao ya rangi ya waridi, yenye sukari na chumvi na kila kitu, na inabidi kuyabadilisha mara kwa mara, iwe sikukuu isiwe. Kwamba zimenawiri, mwenyewe ningeziona ningefurahi.

"Na usipozilisha?" nikamuuliza.

"Zinakufa."

Akanibusu kichwani akaondoka. Nikaitazama sahani yangu: wali, mayai mawili, mchuzi umekolea vizuri. Nikaisukuma kando.

Sikumwambia mtu. Hesabu niliipiga mwenyewe na niliiona imenyooka. Kama kule maabara sukari ndiyo inayoziotesha, huku nyumbani ni wali wa baba Pini. Yeye azilishe kule kwa ajili ya utafiti wao, mimi nitazinyima huku, tuone nani atachoka kwanza. Na benchi la kliniki lilikuwa limeshanitia maneno masikioni. Kila mgonjwa pale alikuwa na orodha ya vyakula vya kuacha, na sikumbuki hata mmoja aliyekuwa na orodha ya vya kula.

Baba Pini alipika kwa moyo wote, maskini, na aliona fahari sahani yangu ikirudi nyeupe. Hakujua kwamba chakula nilikuwa nakimwaga dirishani. Chini ya dirisha alikaa paka wa jirani, na paka yule alinenepa mpaka jirani akaanza kumwandalia boksi la kuzalia, kumbe ni dume.

Mimi nilikonda. Lakini fundi ana siri zake. Kila gauni lilipoanza kunipwaya, nilifunga mlango, nikalipindua na kulipunguza ubavuni, mshono juu ya mshono. Nilipotoka nalo lilinikaa kama nililozaliwa nalo. Watu walinisifu kwamba naendelea vizuri, na mimi nikajiona mjanja kweli.

Mizani ya kliniki, kwa bahati mbaya, haipunguzwi ubavuni.

Siku ya majibu tulikwenda wote watatu. Daktari alikuwa na habari njema na uso wake haukufanana nayo. Alisema katika dawa zote walizojaribu, moja imezisambaratisha seli zangu. Alisema maabara si mwili, kwa hiyo hawezi kuniapia, lakini hiyo ndiyo angetaka kuanza nayo. Kisha akauweka mkono wake juu ya karatasi ya uzito.

"Dawa hii ni kali," akasema. "Kwa mwili huu, itakuangusha wewe kabla ya ugonjwa. Siwezi kukuwekea."

Alinipa wiki tatu. Nikiongeza uzito, tunaanza. Nikizidi kupungua, itabidi tuiache dawa hiyo, na mabaki yaliyomo tumboni hayana desturi ya kumsubiri mtu. Akamuuliza baba Pini kama nakula. Baba Pini akajibu kwa kujiamini kwamba nakula kuliko yeye, kila siku sahani anaiosha kwa kupitisha maji tu.

Pini alikuwa akinitazama ubavuni. Mtoto aliyekulia chini ya meza ya fundi ni hatari sana. Akainuka, akapiga magoti mbele ya kiti changu kama zamani, akafunua ukingo wa gauni na kupitisha kidole kwenye mshono kwa ndani. Kikapita wa kwanza, kikapita wa pili, kikaendelea. Mishono ilikuwa imepangana kama mistari ya daftari, kila mmoja umeingia ndani kuliko mwenzake.

"Mama," akasema. "Hujala."

Hakuwa anauliza. Nami nilikuwa nimechoka kudanganya, tena kwa njaa.

"Si wewe uliyesema zisipolishwa zinakufa?" nikamwambia. "Unazilisha kule, mimi nikaona nizinyime huku."

Daktari aligeukia dirishani. Baba Pini akawa anahesabu sufuria zake zote kichwani.

"Kwa hiyo yule paka," akasema polepole.

Pini akacheka, na kicheko kikamgeukia katikati akawa analia, kichwa kwenye mapaja yangu, mbele ya daktari. Nilimpapasa nywele. Hata wakati ule bado nilikuwa naamini hesabu yangu ni sahihi, ila mizani ndiyo iliyokosa subira.

Ni yeye aliyesema lazima nikazione hizo seli. Akaomba ruhusa kwa mkubwa wake, na kabla ya wiki kuisha akanipitisha mlango wa nyuma ya hospitali, nimevalishwa mifuko ya viatu, glavu na koti la kuazima lililonifanya nionekane gunia la pili. Chumba kilikuwa kidogo, safi, kinanguruma kama jokofu. Akafungua kabati la joto, akatoa kisahani kwa mikono miwili, akakiweka chini ya hadubini na kunisogezea kiti.

Nilijiandaa kuona dubwana. Niliona viduara vidogo, vimetawanyika kimya kama shanga zilizomwagika kwenye kitambaa cheupe. Nilikuwa nimekuja na matusi yangu tayari, nikayakosa. Vilikuwa vya kwangu. Vilitoka mahali alipotoka Pini.

Akaniwekea kisahani kingine. Humo shanga zilikuwa zimepasuka, zimebaki vumbi na vipande.

"Hicho kimepata dawa yako," akasema. "Na uangalie vizuri, mama. Kilikuwa kimelishwa kama kile cha kwanza. Hatukukiua kwa njaa."

Nikamwuliza, basi njaa ina kosa gani, si ingesaidia. Akavuta kiti akakaa, magoti yetu yakagusana, akanieleza taratibu kama mimi nilivyomfundisha kutunga uzi.

"Kwenye kisahani ziko peke yake. Nikizinyima, hazina pa kuchukua. Ndani yako pa kuchukua papo. Usipokula, mwili unavunja nyama yako wenyewe ili damu isiishiwe sukari, na hizi zinajipakulia humo humo. Mama, ukijinyima hazilali njaa. Unalala njaa peke yako."

Nikaitazama mikono yangu ndani ya glavu, jinsi vidole vilivyopwaya. Miezi yote hiyo nilidhani napigana na mtu, kumbe nilikuwa nambebea chakula kutoka kwenye mapaja yangu mwenyewe.

Pini akainuka kurudisha visahani. Alipoinama kabatini, koti lake likajikunja mgongoni, na hapo kiunoni nikaona kibanio cha karatasi, kile cheusi cha ofisini, kimeshika kitambaa kilichozidi. Koti lile nililikata kwa vipimo vyake. Lilimkaa kama ganda la yai.

"Hilo koti limefanya nini?"

"Limelegea tu."

"Koti halilegei, Pini. Mimi ndiye niliyelishona."

Akabaki amenipa mgongo, mkono kwenye mlango wa kabati. Akasema hawezi kula. Tangu upasuaji, kila akishika kijiko anaviona visahani, anakumbuka ni mimi niliyemo mle, anakiweka chini. Anazilisha seli kwanza, halafu anapita nyumbani kuhakikisha mimi nina chakula, halafu siku imekwisha.

"Naogopa, mama," akasema. "Nazitunza vizuri kuliko chochote nilichowahi kutunza, na nazichukia."

Nilimpenda wakati ule mpaka nikakasirika. Nilikitoa kile kibanio nikakitia mfukoni, koti likamwagika, na ndani ya koti kulikuwa na mtoto mwembamba ambaye mimi, jicho langu hili linalopima watu barabarani, sikuwa nimemwona. Nilikuwa na kazi ya kujificha.

Tulipatana palepale, kati ya kabati na hadubini. Mimi nitakula akiniona, yeye atakula nikimwona, na mwenye kuacha kitu kwenye sahani atajieleza kwa baba Pini. Basi baba Pini akawa askari. Alisimama mlangoni na upawa, Pini akipita mchana, akipita jioni, tukitazamana juu ya sahani kama watu wanaocheza karata. Siku za mwanzo kila tonge lilikuwa la kusukuma kwa maji. Nilipozubaa, Pini alinigonga kwa kijiko. Alipoanza kutazama saa, nilimwambia seli zangu nazijua mimi, zina subira, amalize yai. Paka alikuja kila siku akakaa chini ya dirisha akitutazama kama mdai. Nilimhurumia, lakini dirisha nililifunga.

Usiku wa kila Jumapili nilipindua gauni langu na koti lake mezani. Gauni nilifumua mshono mmoja, ule wa ndani kabisa. Koti nilikuwa nimeanza kwa kulipunguza ili apate kulivaa bila aibu, kisha nalo nikalifumua kidogo kila lilipombana. Sijawahi kuifurahia kazi ya kufumua. Wakati huo niliifanya huku naimba.

Wiki tatu zilipotimia nilipanda mizani. Baba Pini alifumba macho. Daktari alisoma, akaandika, akasoma tena, nikaanza kumuuliza, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akaongea kabla sijamaliza kusema.

"Tunaanza leo," akasema.

Nilivua miwani nikaifuta kwa pindo la gauni, gauni ambalo sasa lilikuwa na mshono mmoja tu wa kuondoa.

Dripu ilining'inizwa kando ya dirisha. Pini alikaa kwenye kigoda pembeni yangu, ameshika mkono usio na sindano, tukaangalia matone yakishuka. Hakuna aliyejua kama mwili wangu utayasikia kama kile kisahani kilivyoyasikia. Nilikuwa naogopa na nilikuwa nimeshiba, na niligundua kwamba vinaweza kukaa pamoja.

Baada ya muda nikahisi vidole vyake vinacheza. Alikuwa amechungulia saa ya ukutani, kisha akaangalia chini haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari mkononi. Nikajua. Vile visahani ambavyo havikupewa dawa bado vilikuwa hai kule nyuma. Alishaniambia kwamba wataendelea kuvitunza, kwamba kuna wanawake wengine watakaokuja na matumbo kama langu, na seli zangu zitatumika kuwatafutia dawa. Ilikuwa saa ya kubadilisha maji, na aliona haya kuniambia.

"Nenda kazilishe," nikamwambia.

Akanitazama kuona kama natania.

"Nenda. Zilishe vizuri, zisije zikaniaibisha kwa wenzangu." Nikamsukumia bakuli alilotuletea baba yake, mkate na mayai, sehemu yangu nilishaimaliza. "Lakini wewe kwanza."

Akalivuta, akala mpaka mwisho huku namtazama, akafuta mikono, akavaa koti lake akaenda kazini.