Nimebakiza Sura Moja

Usiku wa kuamkia jana niliota nimeitwa kwenye usaili wa ufadhili.

Jioni iliyotangulia nilikuwa nimejaza fomu ya chuo kimoja kidogo cha Marekani, chuo cha sanaa huria, kinachowapa wanafunzi wa uzamivu mwaka mmoja wa kukaa pale na kumalizia tasnifu. Fomu ilisema wanatafuta watu watakaoongeza utofauti chuoni. Mimi ni Naelijwa Mrutu, niko mwaka wa sita, na tasnifu yangu inahusu namna watu wa milima ya Upare wanavyokataa jambo bila kutamka neno hapana. Nimekusanya namna arobaini na tatu. Nimebakiza sura moja, ya tano, na sasa ni mwaka wa pili imenishinda.

Katika ndoto sikupanda ndege. Nilifungua mlango wa bafu la hosteli, ndoo mkononi, nikatokea kwenye uwanja wa nyasi zilizochanwa vizuri kuliko nywele zangu. Mbele yangu lilikuwepo jengo la matofali mekundu. Nikaweka ndoo chini. Hakuna aliyeshangaa.

Mlangoni pana mizani kubwa, kama ile ya kupimia magunia ya mahindi.

"Karibu," inasema mizani. "Panda."

"Nimekuja kwenye usaili."

"Najua. Panda tupime utofauti wako."

Napanda. Mshale unatetemeka, unasimama kwenye tatu.

"Tatu," inasema mizani kwa huzuni. "Kima cha chini ni nane. Huko kwenu unafanana na nani?"

"Na shangazi yangu. Kila mtu anasema hivyo."

"Ndiyo maana. Hebu sukuma mlango kidogo, usishuke."

Nikausukuma. Ndani wakageuka watu wapatao arobaini, wote wamevaa sweta la kijivu, wakanitazama. Mshale ukaruka hadi kumi na tisa.

"Umefuzu," ikasema mizani. "Pita."

Nikapita. Wale watu wa sweta hawakuwepo tena. Palikuwa na meza ndefu, na upande wa pili kiti kimoja cha mbao chenye mgongo mrefu. Hakikuwa na mtu.

"Samahani," nikasema, "mwenyekiti yuko wapi?"

"Ametoka," kikajibu kiti. "Yeye ni mwenye kiti. Mimi ndiye kiti. Usaili naufanya mimi, yeye hutia sahihi tu. Sharti la kwanza: mfadhiliwa atakaa hapa mwaka mzima."

"Hapa chuoni?"

"Hapa." Kikagonga ubao wake wa kukalia.

Nikasema hakuna shida. Mimi husema hakuna shida hata pale shida inaponikanyaga mguu. Mwaka huu peke yake nimeingia kamati nne za harusi, na bwana harusi mmoja simfahamu hadi leo. Namna arobaini na tatu za kukataa ninazo kwenye daftari, sijawahi kutumia hata moja.

"Fomu yako inasema umebakiza sura moja," kiti kikaendelea.

"Ndiyo, ya tano. Bado sijaiandika."

"Mbona naiona?"

Kiti hakina macho, lakini nilijua kinatazama wapi. Nikajigusa shavu.

"Hiyo hiyo," kikasema. "Mfadhiliwa ataikamilisha hapa, kisha ataiacha chuoni. Itakaa kwenye jalada la kijitabu chetu, ikicheka, kati ya kijana mwenye gitaa na binti mwenye darubini. Kisha kwenye bango la barabarani. Kisha kwenye vikombe."

"Na mimi nitatumia nini?"

"Tutakupa nakala."

Nilitaka kukataa. Nikajisikia nikisema, "Asante sana, nimefurahi mno."

Kiti kikagonga mguu mmoja, akaingia mpiga picha, mwanamume mpole mwenye kucha safi. Akaanza kuibandua sura yangu kuanzia sikio la kushoto, taratibu, kama mtu anayebandua stempu kwenye bahasha. Haikuuma. Iliwasha kidogo.

"Wakati huohuo," kikasema kiti, "tuone marejeo."

"Yako mwisho wa tasnifu, kazi mia moja na kumi na mbili."

"Basi yarejee."

Tukasubiri. Ukutani pakafunguka mlango ambao haukuwepo, na nyuma yake ni jiko la shangazi yangu kule Usangi, na chungu cha makande kiko motoni. Moshi ukaingia kwenye chumba cha usaili, kuku wawili wakaingia, halafu akaingia shangazi Nakadori mwenyewe, anapangusa mikono kwa kitenge. Kifuani amebandikwa karatasi: Mtoa Taarifa Namba 7.

"Shikamoo shangazi," nikasema kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

"Marahaba. We Naelijwa, hivi mimi nilibatizwa Saba?"

"Ni taratibu za utafiti, shangazi. Tunalinda usiri wako."

"Usiri gani? Nani Usangi nzima hajui kwamba mimi ndiye ninayekataaga?"

Mpiga picha alikuwa amefika puani.

Kiti kikamchunguza shangazi, kikachangamka. "Mama, sura yako na hii ni moja kabisa. Tungependa kuchukua zote mbili, ziwe jozi."

"Jambo jema hilo, baba," akasema shangazi. "Jema sana. Ngoja kwanza nikae, magoti haya."

Akakikalia. Kiti kikanyamaza papo hapo. Kumbe kiti kikikaliwa hakiwezi kusema.

Shangazi akajiweka sawa, akashusha pumzi. "Ningewapa leo leo. Sema tu sasa hivi tunapalilia, na mimi sura hii ndiyo ninayoendea shamba."

Mpiga picha akainamisha kichwa kwa heshima. "Tunaelewa, mama."

Nikashtuka. Ile ilikuwa namna ya arobaini na nne, sikuwa nayo. Nikaanza kupapasa mezani nikitafuta kalamu.

"Usiandike," akasema shangazi. "Unaandika nini na uso unakwenda? Sema."

Nusu ya sura yangu inaning'inia mkononi mwa mtu mwenye adabu, na adabu ndiyo inayonimaliza. Namtazama shangazi. Hanisaidii. Anamfukuza kuku.

"Ndugu yangu," nikamwambia mpiga picha, "una mkono mwepesi, Mungu akubariki. Ingekuwa yangu peke yangu ningekuachia, na hiyo ndoo pale nje ningekuachia. Lakini sura hii ni ya ukoo. Lazima ukoo ukae kikao kwanza."

"Kikao kitakaa lini?"

"Mara baada ya mavuno."

"Mavuno ni lini?"

"Tunategemea mvua."

Mpiga picha akafikiri. Kisha akairudisha sura yangu, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akanipa mkono. "Nimefurahi sana kwamba umekubali," akasema, akatoka.

Shangazi akacheka mpaka mbao za kiti zikalia chini yake. Sijawahi kujisikia mrefu namna ile. Ndipo akasema makande yanaungua, akainuka. Kiti kikavuta pumzi ili kiseme neno, na mimi nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, simu inaita. Shangazi Nakadori. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za masomo, nikasema nzuri, akasema yeye leo haendi shamba.

"Kuna nini, shangazi?"

"Kiuno. Nimeamka nacho kama nimekalia ubao." Kisha akaniita. "Naelijwa."

"Abee."

"Huko kwenye kitabu chako, mimi naitwa Nakadori. Mambo ya Saba sitaki."

Nikamwahidi nitabadilisha leo hii. Baada ya kukata simu ndipo nilipokumbuka jambo. Sijawahi kumwambia namba yake. Namba za watoa taarifa wangu ziko kwenye daftari moja tu, daftari liko chini ya godoro, na juu ya godoro nilikuwa nimelala mimi.