Wagonjwa wa Darini

Kabla ya somo la kuzungumza na wagonjwa, mwalimu alizima feni. Wanafunzi wa udaktari walijua sababu: mgonjwa anayekatizwa maneno hupaa, na feni haina macho.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Kasuku, binti aliyepewa jina hilo kwa mdomo wake usiojua kulala. Mbele yake aliketi mama mmoja mshonaji, aliyelazwa kwa maumivu ya tumbo. Kesho yake angepasuliwa.

"Shikamoo, mama. Tumbo limeanza lini?"

"Marahaba, mwanangu. Lilianza tulipomzika baba watoto, nikawa na–"

"Linachoma au linakata?"

Mama akapaa shibiri moja.

"Linachoma. Sasa, vile–"

"Umetapika? Choo je? Homa?"

Mama akagota dari. Kandambili yake moja ikamwangukia Kasuku utosini.

"Samahani, mwanangu," alisema mama, akibana gauni magotini.

"Uliza moja, kisha nyamaza," mwalimu alimwambia Kasuku. "Hata kama ulimi unawasha."

"Mama, hebu nieleze mwenyewe." Halafu Kasuku akaibana midomo kwa vidole.

Mama akaeleza, na kila sentensi iliyofika mwisho ilimshusha kidogo. Marehemu mumewe aliacha kopo zima la vidonge vya magoti. Kuvitupa aliona hasara. Basi kila asubuhi alivimeza kabla ya kula, ingawa magoti yake mwenyewe hayakuwa na neno. Alipofika kwenye "ni hayo tu, mwanangu," alikuwa ameketi kitini.

"Daktari hukumwambia?" Kasuku aliuliza.

"Nilianza kumwambia. Nikajikuta juu ya kabati."

Kasuku akatimua mbio hadi wodini, akamkuta Bingwa, mkuu wa upasuaji, akipita vitandani.

"Shikamoo, daktari. Yule mama wa kesho amekuwa akimeza vi–"

"Majibu ya damu yako wapi?"

Viatu vya Kasuku vikaachana na sakafu.

"Vidonge vya–"

"Wewe uko mwaka wa ngapi?"

Akafika darini. Mzee wa kitanda cha dirishani, mwenyeji wa huko tangu juzi, alimsogezea nafasi.

"Karibu, mjukuu wangu. Hiyo taa usiiguse, ina moto."

Chini yao Bingwa aliendelea kupita kwenye vitanda vitupu, akisifu utulivu wa wodi.

Kasuku aliposhuka jioni, alimwendea mama na kumsihi aviache vile vidonge. Asubuhi Bingwa alimkatiza mama mara tatu mlangoni mwa chumba cha upasuaji, naye akapaa mpaka kisu kikashindwa kumfikia. Upasuaji ukaahirishwa. Kabla ya wiki kwisha tumbo lilikuwa limetulia, mama akarudi kwenye cherehani yake.

Kikao cha hospitali kilimpongeza Bingwa kwa kumponya mgonjwa bila kisu. Kisha kikaagiza ngazi ndefu, moja kwa kila wodi, ili wauguzi wawafikie wagonjwa na sindano.

"Naomba kusema," alianza Kasuku, "shida siyo ngazi, ni–"

"Ajenda inayofuata," alisema mwenyekiti.

Kasuku alinyoosha tena mkono, safari hii kutoka darini. Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba kikao kina taratibu zake, na anayetaka kusema ashuke kwanza.