Mlango wa Chumba cha Baridi

Kiwandani walimwita Kimya, ingawa hakuwa bubu. Alikuwa fundi wa mashine za baridi, na ukimuuliza chochote kuhusu kazi yake alijibu, "Niachie mimi," kisha anakugeuzia mgongo usione mikono yake. Moyoni alikuwa na hesabu zake: siku wakijua anachokijua, watamhitaji wa nini?

Asubuhi moja aliingia chumba cha nyama kukagua mabomba. Mpini wa ndani ya mlango ulikuwa umekatika siku nyingi, na dawa yake aliijua peke yake: kipande cha mbao alichokiegesha kizingitini ili mlango usijifunge. Mpagazi akapita na toroli, akadhani ni takataka, akakipiga teke. Angejuaje? Hakuna aliyemwambia. Mlango ukajibamiza.

Kimya akausukuma kwa bega. Haukutikisika. Akaugonga kwa spana mpaka mkono ukafa ganzi. Simu aliiacha karakana ikichaji. Feni zilimpuliza usoni, masikio yakaanza kumchoma. Akajibana kati ya mizoga iliyoning'inia kujikinga na upepo.

Mwishowe akalala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye tundu la kutolea maji lililotokea nje, akapiga kelele.

"Nani analia kama paka kisimani?" Ilikuwa sauti ya Shangazi, mkuu wa wafungashaji nyama. Alikuwa shangazi wa kiwanda kizima.

"Mimi! Nimefungiwa!"

Akamsikia akimwita mpagazi, kisha komeo la nje likitikiswa bila mafanikio. Komeo lile lilikuwa na ujeuri wake. Kila siku Kimya ndiye aliyeitwa kulifungua.

"Zimeni feni kwanza," alisema.

"Sanduku la swichi lina kufuli!"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Kimya. Akaupenyeza kwenye tundu lile la maji kwa vidole visivyohisi kitu.

"Swichi ziko nyingi, wala hazina alama. Ipi?"

"Ile... ya upande ule."

"Upande upi, mwanangu? Sioni kidole chako."

Mkono wa Kimya uliijua swichi ile miaka yote. Mdomo haukuwahi kuitaja.

"Fumba macho," Shangazi akasema. "Jione umesimama hapa nilipo. Mkono unaenda wapi?"

Akafumba. "Kushoto... chini ya waya mwekundu."

Feni zikazimika. Ikabaki baridi tupu, na sauti ya meno yake mwenyewe yakigongana.

Akaanza kuwaelekeza kuhusu komeo. Mpagazi aunyanyue mlango kwa bega, Shangazi asukume ulimi wa komeo kwa bisibisi. Akawasikia wakielekezana: "Nyanyua! Bado! Shusha kidogo!" Mlango haukufunguka. Miguu ya Kimya ilikuwa na ganzi, kama ya mtu mwingine.

"Nimesahau kitu," alisema kwa shida. "Mlango uvutwe kwanza, ndipo unyanyuliwe."

"Basi sema yote! Usituwekee akiba!"

Akasema yote. Mlango ukalia, mwanga ukaingia, naye akaangukia mikononi mwa mpagazi. Shangazi akamfunika koti lake, akamsugua mabega kwa nguvu kama anayemwadhibu.

"Nilikuomba mara ngapi unionyeshe?"

Wiki iliyofuata mpini ulitengenezwa. Kimya akasimama mbele ya wenzake wote kuwaeleza mashine zake, jasho likimtiririka. Kila alichokisema alihisi amekatwa kipande cha mwili. Shangazi na mpagazi wakalifungua komeo haraka kuliko alivyowahi yeye. Watu wakapiga makofi. Naye akapiga, kisha akarudi karakana akakaa, akisikiliza kama kuna atakayemwita.

Hakuna aliyemwita. Ila jioni Shangazi alichungulia mlangoni.

"Mashine ya kufungia mifuko imegoma. Mimi siijui, na wewe huijui. Njoo tukaifungue pamoja."

Kimya akainuka, akamfuata.