Ngazi ya Mama Mkwe

Pikipiki ilipozimwa, Ruguru hakushuka mara moja. Alitulia pale juu, kiondo mapajani, akaitazama nyumba ambayo binti yake alikuwa akimweleza kwa simu tangu mwaka jana, naye akiitikia tu bila kuelewa. Sasa alielewa. Ilikuwa karavani nyeupe yenye mapazia ya maua, imesimama juu ya magurudumu yake chini ya migunga, si mbali na mtambo wa kuchimba visima. Mkwe wake Murithi ndiye aliyeuendesha mtambo huo. Kwa kuwa kazi ya visima haikai mahali pamoja, alikuwa ameinunua karavani kuukuu kutoka kwa mkandarasi wa barabara, asije akamwacha mkewe nyuma kila kampuni ilipohama. Wiki hizi walikuwa pande za Gachoka. Baadaye wangekwenda kwingine kulikokuwa na watu wenye kiu.

"Mama, tumefika," akasema Njeru, mwenye pikipiki, mtu mzima mwenye tumbo lililofika kwenye usukani. "Ama unataka tuzunguke tena?"

"Mimi nimeshashuka. Ni magoti yanayochelewa."

Njeru akacheka, akamshikia kiondo. Alikuwa amemwendesha polepole tangu Gachoka sokoni, akiyakwepa mashimo yote, na Ruguru alikuwa ameliona hilo. Ndani ya kiondo mlikuwa na njahi, maharagwe meusi ya kumrudishia mzazi nguvu, unga wa uji na ndizi za shambani kwake Runyenjes.

"Mama!" Dirisha likafunguka. Mukami akatokeza uso, umepungua kidogo lakini unacheka. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji kule Embu, na mtoto alikuwa msichana wa pili. Wa kwanza, Kajuju, alikuwa amechukua jina la mama yake Murithi, na alibaki kwa nyanya yake huyo, kule Kaaga, Meru, ili asome. Huyu wa pili, kwa desturi, alikuwa wa upande wa mama. Jina lake lilikuwa Ruguru. Kwa hiyo Ruguru hakuwa amekuja kumwona mjukuu tu. Alikuwa amekuja kujiona mwenyewe amezaliwa, na kukaa mwezi mzima akimpikia binti yake, akimkanda maji ya moto, akimwogesha mtoto.

Basi akautafuta mlango. Mlango ulikuwepo, juu kama meza ya mhubiri. Chini yake hapakuwa na ngazi, ila kreti mbili za soda zilizopinduliwa.

"Ngazi iko wapi?"

"Ilikatika, mama," akasema Mukami. "Baba Kajuju alikuwa amebeba mtungi wa maji, ikang'oka naye. Tangu hapo mimi hushushwa nikibebwa kama gunia, na akiwa kwenye mtambo nangoja mpaka atoke."

Murithi alikuwa akija, mrefu, matope hadi magotini. Alisimama hatua chache kutoka kwa mama mkwe wake, akavua kofia. Kwao Embu, na kwao Meru pia, mama mkwe na mkwe hawashikani mikono. Kanisa limelegeza mengi, na siku hizi wako wanaokumbatiana harusini watu wakipiga makofi, lakini Ruguru na Murithi hawakuwa watu wa kuanza mambo mapya. Tangu siku ya kwanza walisalimiana kwa mdomo na kwa umbali, wakapendana vizuri sana hivyo hivyo. Walizungumza Kiswahili. Kimeru cha Murithi na Kiembu cha Ruguru vilikaribiana, lakini neno jema upande mmoja wa mto Thuci, ulio mpaka wao, linaweza kuwa la aibu upande wa pili, na hakuna anayependa kubahatisha mbele ya mama mkwe.

"Karibu, mama. Safari ilikuwaje?"

"Njema, Baba Kajuju. Hongera kwa mtoto."

"Asante. Nilitaka kuitengeneza ngazi kabla hujafika, lakini mtambo ulitukwamia jana." Akaleta kreti ya tatu, akaipanga. "Kwa leo jaribu hizi."

Ruguru akaigonga kreti kwa mkongojo wake. Haikumpendeza, lakini akapanda ya kwanza. Alipoinua mguu wa pili, kreti ikainama. Murithi akaruka, akanyoosha mikono yote miwili kumdaka, kisha mikono hiyo ikasimama hewani, karibu naye, kama ya mtu anayeota moto. Ruguru akang'ang'ania kitasa cha mlango, akarudi chini mwenyewe.

"Si umshike!" Njeru akapaza sauti.

"Nimshike vipi, na wewe unajua?"

Njeru alijua. Alikuwa Mmbeere, na desturi kwao ni ile ile, naye alikuwa na mama mkwe wake. "Basi mimi nimbebe. Mimi si mkwe wa mtu hapa."

"Unibebe sasa," akasema Ruguru. "Nikitaka kwenda choo? Nikitaka kumwaga maji ya mtoto? Utalala hapa mlangoni?"

"Mama, nina watoto wangu."

"Hata mimi naona hivyo. Nenda kwa watoto wako saa ikifika. Mimi nitaingia kwa miguu yangu."

Murithi akamletea kigoda kivulini, Mukami akampitishia kikombe cha chai dirishani. Njeru akalala juu ya pikipiki yake kama mtu aliye kitandani, lakini mdomo wake haukulala.

"Lakini mama, hebu niulize. Utakaaje nyumbani kwa mkwe wako, nyumba yenyewe chumba kimoja?"

"Mimi nimeshahama," Murithi akajibu kabla yake. "Nguo zangu ziko kwenye hema la wafanyakazi tangu asubuhi."

"Kwa hivyo unatengeneza ngazi ya kukufukuza kwako?"

"Ndiyo."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima. Nishikie hiki chuma."

Ruguru akanywa chai polepole. Kwenye hema kulikuwa na vumbi, na wanaume wanaokoroma, na baridi ya asubuhi. Na huyu alikuwa amebeba nguo zake kabla hata hajaambiwa.

Murithi aliiokota ngazi ya zamani iliyokuwa nyasini, ile ya kukunjwa chini ya mlango wakati wa safari. Aliwasha jenereta, akavaa miwani, akaichomelea palepale ilipong'oka. Alifanya haraka. Kila baada ya muda alitupa jicho kivulini, aone kama mama mkwe amechoka. Humo ndani mtoto akaanza kulia, na Ruguru akasikia hatua za Mukami zikiburuzwa sakafuni, na pumzi ya mtu anayeinama huku ameshika tumbo. Kikombe kikamwia kizito. Kazi ile ya kuinama ilikuwa yake.

"Tayari," akasema Murithi. Akakanyaga. Ngazi ikamshikilia, kisha ikalia kama karatasi inayochanwa, ikaanguka na kipande cha fremu ya karavani kikiwa kimening'inia.

Hakuna aliyecheka, hata Njeru. Murithi alisimama akitazama chini.

Njeru akaja karibu na Ruguru, sauti ameishusha. "Mama, sitaki kukusukuma. Lakini jioni huku hupati pikipiki. Nikungoje, ama nikurudishe Gachoka uwahi gari la Runyenjes? Akimaliza, hata kama ni kesho kutwa, atapiga simu."

Ruguru akafikiri. Kurudi kulikuwa rahisi. Lakini kesho kutwa mtambo ungekwama tena, au ungepata maji na wahame, na Mukami angeendelea kuinama peke yake. Akamtazama mkwe wake, mwanamume mzima aliyekuwa anaona haya kama mtoto aliyevunja chungu.

"Ningoje kidogo," akamwambia Njeru. Kisha akapaza sauti. "Baba Kajuju."

"Mama."

"Wewe unatoboa mwamba mpaka maji yanatoka. Ngazi haiwezi kukushinda. Kinachokushinda ni mimi, maana nimekukodolea macho tangu nifike. Sasa fanya kama siko hapa."

Akainuka, akakigeuza kigoda, akaketi akiwapa mgongo, uso kwa ile migunga. Akatoa njahi kiondoni, akaanza kuzichambua kwenye leso.

Kisha akasikia jenereta ikizimwa, na mtu akijiburuza chini ya karavani. Kikaanza kishindo cha nyundo, kidogo kidogo. Tup. Tup. Hiyo ilikuwa sauti ya chuma kilichooza, hata yeye aliijua, maana mabati ya jiko lake yalilia hivyo. Tup. Halafu mbele kidogo: ting.

"Umesikia?" sauti ya Murithi ikatoka chini.

"Nimesikia," akasema Njeru.

"Hapa mlangoni maji ya mvua yamekuwa yakiingia miaka yote. Fremu imekuwa biskuti. Nilikuwa nachomelea kutu juu ya kutu. Lakini huku na huku ni chuma kizima. Nikipitisha pau ya chuma kutoka kizima hadi kizima, ngazi itaning'inia kwenye pau, si kwenye uozo. Na miguu yake nitaikalisha chini, ibebe uzito. Lete jeki, nyumba isitikisike."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ruguru akatabasamu kwa migunga.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa mwendo wake. Walikata, wakachomelea, wakakaza bolti. Vikanyagio vikawa vya bati nene lenye mistari, vipana, mguu mzima ulale. Njeru, aliyesahau kwamba alikuwa amekuja kumleta abiria tu, alikata tairi kuukuu akafunga vipande vyake juu ya kila kikanyagio, kama vile vya kutengenezea viatu vya akala, ili mvua isiwatelezeshe. Mukami alitoa kichwa dirishani mara kwa mara kutoa amri zake. "Kisiwe juu sana hicho cha kwanza! Mama ana magoti, hana mabawa!"

Kisha Ruguru akahisi mtu amesimama nyuma yake, mbali kidogo.

"Mama, samahani. Naweza kuazima mkongojo wako?"

"Wa nini?"

"Wa kupimia." Murithi akaionyesha ngazi kwa kidole. "Nataka kuweka kishikio kando ya ngazi. Lakini sijui mkono wako unafika wapi, na siwezi kukupima. Mkongojo ndio unajua."

Ruguru aliutazama ule mti wa mkononi, uliokatwa na marehemu mumewe kutoka mtini nyuma ya boma, ukalainika kichwani kwa miaka ya kiganja chake. Akaulaza juu ya nyasi. Murithi akaja akauokota kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto.

Ndipo Ruguru alipogeuza kigoda tena. Hakuweza kujizuia. Alimwona akiusimamisha mkongojo juu ya kikanyagio cha kwanza, anatia alama kwa chaki; juu ya cha pili, anatia alama; juu ya cha tatu. Bomba la chuma likafuata alama zile. Na pale juu, kando ya mlango, mahali mtu anapohitaji kujivuta ili aingie, Murithi alilitia bomba moto, akalipinda taratibu, akilinganisha na kichwa cha mkongojo, mpaka vikafanana. Kisha akalisugua kwa tupa, akapitisha kiganja chake, akasugua tena.

Njeru ndiye aliyejaribu kwanza. Alipanda, akarukaruka juu kabisa na tumbo lake lote, akashuka. "Hii hata ng'ombe apande!"

"Asante kwa mfano," akasema Ruguru, na wote wakacheka, hata Mukami, aliyejishika mshono akisema wasimchekeshe.

Walingoja chuma kipoe. Halafu Ruguru akafunga leso kiunoni, akaenda. Mkono wake ulipogusa kishikio, ulikikuta pale pale ulipokitarajia, si juu wala si chini. Akaweka mguu. Tairi likamshika. Akaweka mwingine. Hakutazama chini. Alipofika mlangoni kiganja chake kikafunika ule mpindo, nao ukamjaa kiganjani kama kitu alichokizoea, na akajivuta ndani bila hata kuhema.

Mukami alikuwa analia. Ruguru akamkalisha kitandani, akanawa mikono, akamchukua mtoto. Walitazamana, Ruguru na Ruguru. Mdogo akapiga miayo.

"Haya," akamwambia. "Hata mimi nimechoka. Tumefika."

Nje, Njeru akaita, "Mama, nikungoje ama niende?"

"Nenda, mwanangu. Mungu akuongoze. Na uwasalimie wale watoto."

Pikipiki ikanguruma na kuondoka. Kisha mlangoni ukatokeza mkongojo, kichwa mbele, ukiingia wenyewe hewani. Murithi alikuwa chini, ameshika ncha yake ya mwisho.

"Mama, umesahau huu."

Ruguru akaja na mtoto kifuani, akakishika kichwa cha mkongojo. Kwa kitambo kidogo wote wawili waliushika mti ule ule, yeye juu, mkwe wake chini, na hapakuwa na kosa lolote ndani yake.

"Umenipa mkono mzuri, Baba Kajuju," akasema.

Murithi akaiachia ncha, akatazama upande wa mtambo, akavaa kofia aliyokuwa tayari ameivaa.

"Usiende mbali," Ruguru akaendelea, akirudi ndani kutafuta sufuria. "Naziinjika njahi sasa hivi. Zikiiva nitakuwekea sahani hapo juu ya ngazi. Ni pana, haitamwagika."