Hukumu ya Mtani

Babu Shilinde alifia porini, chini ya mizinga yake ya nyuki, mwendo wa siku nzima kutoka Ipole. Mwanawe Kashindye alimbeba mgongoni hadi nyumbani. Mwanawe mwingine, Saidi, mwenye duka Kanyenye, alikuja na basi, akalia kwa ufasaha kuliko wote.

Siku ya kuanua matanga ilibaki mizinga sitini bila mrithi.

"Nimerina asali naye miaka ishirini," alisema Kashindye, akaketi. Saidi akahutubia mpaka chai ikapoa.

Wazee walipokwama, Fikiri, mjukuu aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, alisimama akakohoa kama askofu.

"Wazee wangu, shikamooni. Hata Wagiriki wa kale walikwama. Vita vya Troya vilikwishaimbwa na mshairi wao mkubwa, na karne nyingi baadaye mwingine akaendeleza pale yule alipoishia. Anasema shujaa alipouawa, wawili waligombea silaha zake: aliyeubeba mwili na msemaji hodari. Wakuu wao wakawaachia mateka wa adui, wasio na upande, waamue."

"Mateka tutawatoa wapi?" aliuliza mzee mmoja.

"Tuna watani."

Basi Mfaume, Mzaramo, mtani wao tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, aliyekuwa akimwigiza marehemu anavyokimbia nyuki, akakalishwa kiti cha hakimu. Fikiri alijua ukurasa unaofuata: mbebaji anashindwa, anarukwa na akili, anachinja kondoo akidhani ni maadui, kisha anajiua. Hakuusimulia. Ungeharibu mchezo.

"Mbebaji apewe nini tena?" Mfaume alinguruma. "Si keshapewa maiti! Mizinga ni ya Saidi, nyuki wakajifunze kuhutubia."

Watu wakavunjika mbavu. Mfaume alifungua kinywa atoe hukumu ya kweli, lakini Saidi alikwishasimama, analishukuru baraza. Aliyebaki wa kupinga ni Kashindye peke yake, na neno la mtani halipingwi. Anayekasirika hutozwa faini na kuchekwa hadi kwa wajukuu. Kashindye alicheka, meno tu.

Fikiri alimfuata uani. "Baba mkubwa, ulikuwa utani."

"Najua. Ungekuwa uonevu, ningesema."

Juma lile Saidi aliiuza mizinga yote kwa mtu wa Nzega. Kashindye akafunga nguo zake kwenda Urambo, kulima tumbaku ya watu. Njiani alimkuta Fikiri. Akavua kofia, akapiga goti, mtu wa miaka hamsini na mvi zake.

"Shikamoo, msomi."

Akabaki pale chini, akingoja kuitikiwa.