Mkwe wa Jikoni

Kichwa cha sangara hakitaki haraka. Ukikitumbukiza kabla mafuta hayajatulia, ngozi inang'ang'ania karai na nyama ya shavuni inabaki mbichi. Shigela alilijua hilo, ndiyo maana alisimama tu na upawa wake, amekunja uso kwa moshi, anasubiri. Tereza alikuwa pembeni anakata nyanya, na kila aliyoichukua aliigeuza kwanza kama mtu anayeagana nayo.

Mgahawa wenyewe ulikuwa wa mabati, kule Nyakato, ukitazamana na geti la kiwanda cha samaki. Minofu ilikatwa kiwandani ikapakiwa kwenda nchi za mbali. Mapanki, yaani vichwa na mifupa yake, yalitolewa mlango wa nyuma, na Tereza akayanunua. Saa saba mchana wale wale waliokata minofu walivuka barabara kuja kula vichwa kwa ugali. Kwa njia hiyo Tereza alikuwa ameishi tangu afiwe na mumewe, na Shigela alikuwa mpishi wake kwa miaka tisa.

"Leo tusonge nusu sufuria, Mayu?" Shigela aliuliza. Alimwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama.

"Songa robo tatu. Mungu hakosi kuleta watu."

"Mungu analeta, lakini Akumu anawadaka getini."

Na kweli, sauti ya Akumu ilisikika hadi jikoni: "Karibuni ndoo ya Akumu! Makande ya moto! Kula kwanza, deni baadaye, na ukikimbia nakujua kwenu!" Watu wakacheka.

Huyu Akumu, mtu wa Mara kule ziwani, hapo awali alikuwa muoshaji wa vyombo na mgawaji wa chakula humu humu kwa Tereza. Redio ilipotangaza kima cha chini kipya cha mshahara, wateja walipiga makofi mpaka chumvi ikamwagika mezani. Shigela aligonga upawa kwenye sufuria kama mpiga ngoma. Tereza mwenyewe alifurahi. Alisema, sasa watu wataacha kuomba mchuzi mtupu, watakula na samaki wenyewe.

Loo! Kumbe redio ile ilisikiwa na wengi. Wenye nyumba waliisikia, kodi zikapanda kabla mshahara haujafika mkononi. Muuza mkaa aliisikia. Mwenye mashine ya kusaga aliisikia. Kiwanda nacho kiliisikia: kiliwaachisha kazi nusu ya watu, kisha kikawaita wale wale kupitia kwa dalali, vibarua wa siku, leo upo kesho haupo. Kibarua haketi mgahawani. Anatoka nyumbani na muhogo wake wa kuchemsha kwenye mfuko wa rambo.

Tereza akapiga hesabu zake mpaka kichwa kikamuuma, akamwachisha Akumu. Akumu hakulia. Alinunua ndoo yenye mfuniko, akakaa ng'ambo ya barabara, akawa anauza kwa bei ambayo Tereza asingeiweza, kwa kuwa ndoo haina kodi wala leseni. Na Shigela aliahidiwa: "Mwisho wa mwezi nitakuongeza, mwanangu. Sheria imesema." Mwisho wa mwezi ulikuja ukapita, ukaja mwingine, na mwingine. Shigela hakuuliza. Kule kutouliza ndiko kulikomnyima Tereza usingizi.

Siku hiyo aliuliza. Aligeuza kichwa cha sangara upande wa pili, akasema bila kumtazama, "Mayu, mwenye nyumba wangu kule Mabatini amenipa mpaka Jumamosi. Anasema mshahara wangu umepanda, redio imesema. Nikimwambia bado, anasema mimi mwongo."

"Tuuze kwanza, Shigela. Tukimaliza tutaongea. Leo leo."

"Sawa, Mayu."

Watu waliokuja walitosha benchi moja na kipande cha la pili. Kijana mmoja wa kwenye mashine za barafu aliweka nusu tonge mdomoni akasema, "Bi mkubwa, vyuma vimekaza. Niongezee mchuzi basi, roho isinitoke kwako, utapata kesi." Tereza akamwongezea. Pembeni alikaa mtu mmoja mwenye shati lililopigwa pasi, mgeni. Aliomba ndimu, akafyonza mfupa mmoja mmoja mpaka yote ikawa myeupe, kisha hakuondoka.

Watu walipoisha, Tereza na Shigela walikaa kwenye kizingiti cha jiko kula, sahani moja katikati yao, kama walivyofanya siku zote. Tereza hakuwa na magego tena. Shigela alichambua shavu la sangara, sehemu ile laini, akamsogezea upande wake. Hata hilo lilikuwa la siku zote.

Yule mgeni alinawa mikono, akachokoa meno, akawasogelea na kuwasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Umeshiba?"

"Nimeshiba sana. Mimi naitwa Mayala. Ni afisa kazi." Alionyesha kitambulisho, akakirudisha mfukoni. "Tunapita kuangalia hiki kima cha chini. Wewe bwana unaitwa nani?"

"Shigela."

"Shigela wa nani?"

"Shigela Masele. Kwetu Misungwi."

Mayala alitazama leseni iliyotundikwa ukutani, akasoma jina la Tereza na la baba yake. "Mayu, huyu ni mfanyakazi wako?"

Tereza aliyaona yote kwa mara moja: mkataba ambao hakuwahi kuuandika, michango ya pensheni ambayo hakuwahi kuipeleka, malimbikizo, faini, kufuli mlangoni. Alitaka kusema huyu ni mwanangu. Lakini Shigela alishataja baba yake na kwao. Ulimi ukatafuta pengine pa kukimbilia.

"Ni mkwe wangu," alisema. "Ananisaidia tu. Hii ni biashara ya familia."

"Ahaa. Amemwoa binti yako yupi?"

"Selina."

Jina lilitoka kabla hajalikamata. Selina alikuwa mtoto wake pekee, na alikuwa amelala ng'ambo ya maji, upande wa Kamanga, tangu siku ambazo meno yake ya utotoni hayajaanza kung'oka. Shigela alilijua kaburi lile. Kila mwaka alivuka na Tereza kwenye kivuko, jembe begani, kwenda kulipalilia.

Mayala akamgeukia. "Bwana Shigela, ni kweli?"

Shigela alitazama mikono yake yenye mafuta. Akisema hapana, sheria ingempa mshahara wake kutoka kwenye sufuria ambayo yeye mwenyewe aliijua ina nini. Akisema ndiyo, basi ile miaka yote mbele ya moto ingekuwa matembezi ya ukweni tu.

"Ni kweli," alisema.

Mayala alicheka, na kicheko chake hakikuwa kibaya. "Mayu, mimi ni mtu wa Magu. Nimekaa pale nimewatazama. Tangu lini mkwe wa Kisukuma akala sahani moja na mama mkwe? Tena anamchambulia shavu! Baba yangu akimwona bibi yetu mzaa mama anakuja njiani, alikuwa anaingia kwenye mtama, anageuka kando, mpaka bibi apite. Hata kama kuna nyoka humo."

"Mjini mambo yamebadilika," Tereza alisema chinichini.

"Hayajabadilika hivyo, mayu."

Inzi walitua kwenye sahani, hakuna aliyewafukuza. Shigela ndiye aliyeinua uso.

"Afisa, na kule ng'ambo umeshapita? Wale vibarua wote, wakwe wa nani?"

Mayala aligeuka akalitazama geti la kiwanda. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imechoka. "Kule kuna geti, ndugu yangu. Hapa kwenu hakuna geti." Akapangusa jasho shingoni. "Nami natembea kwa miguu. Mafuta ya pikipiki tunayasikia kwenye vikao tu. Mke wangu ananiuliza mshahara umepanda, mbona hauonekani? Namwambia umepanda wa sekta binafsi. Haya. Niandike mkwe?"

Tereza akaanza kufukuza inzi kwenye sahani.

"Nitaandika mkwe. Nifungie wale sato wawili niliowaona kwenye beseni, wazuri wazuri. Ijumaa Ijumaa nitakuwa napita. Lakini mkijiita wakwe, kaeni kama wakwe. Mwenzangu akija kwa zamu yake hatakuwa na masikhara."

Tereza alifunga sato kwenye gazeti. Mayala aliwapokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaaga vizuri. Chakula alichokula hakukilipia.

Shigela aliosha sahani. Aliiosha kwa muda mrefu, sahani yenyewe ikiwa moja tu.

"Nisamehe, mwanangu," Tereza alisema. "Yalikuwa maneno ya kumwondoa mtu mlangoni."

"Najua, Mayu."

"Yale ya mshahara, mwezi ujao..."

"Na hao sato wa Ijumaa watatoka wapi, Mayu?"

Wote wawili walijua watatoka wapi. Ile nyongeza ndogo ambayo labda angeibana huku na huku, tayari ilikuwa imekwenda kwenye gazeti.

"Umemtaja Selina," Shigela alisema. Hakusema kwa hasira. Tereza akakaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa khanga.

Aliposhusha khanga, Shigela alikuwa amevua aproni na kuikunja. Siku zote upawa walipeana mkono kwa mkono, huyu anakaanga huyu anapakua. Sasa Shigela aliuweka chini, sakafuni, hatua kadhaa kutoka kwa Tereza, akarudi nyuma na kugeuza uso kando, kama mtu anavyomwekea mama mkwe kitu akichukue mwenyewe. Kisha akatoka. Hakupita kati ya meza. Alizunguka nyuma, kwenye maji machafu.

"Shigela!" Tereza aliita. "Shigela, usinifanyie hivyo!"

Akumu, ng'ambo ya barabara, alisimama na mfuniko mkononi. "Mama Tereza, kuna nini?" aliuliza. Mara hii hakutania.

Asubuhi Tereza aliwasha moto mwenyewe. Alimsubiri Shigela, kisha akachukua ndoo, akavuka kwenda mlango wa nyuma wa kiwanda kununua mapanki. Njia ilipita mbele ya geti, na hapo vibarua walikuwa wamepanga mstari, wamesimama kifua kwa mgongo ili mtu asichomeke, dalali anawagusa mmoja mmoja begani: wewe ingia, wewe ingia. Shigela alikuwa karibu na mbele. Watu wachache tu kati yake na geti.

Alimwona Tereza anakuja.

Tereza alitaka kumwambia kwa macho abaki pale pale, asisogee. Lakini Shigela alishatoka kwenye mstari. Alishuka kwenye mtaro wa pembeni, kwenye majani na makopo, akageuza uso kule, akasimama ameinamisha kichwa. Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Huyu vipi, kachanganyikiwa?" Na aliyekuwa nyuma yake akasogea mbele, na aliyemfuata naye akasogea, pengo likajifunga kama halikuwahi kuwapo.

"Imetosha!" dalali alipiga kelele. "Wengine kesho!"

Geti lilifungwa. Tereza aliendelea kutembea na ndoo yake, hakugeuka. Mama mkwe hageuki nyuma. Alijua kuwa mpaka yeye apite, kijana wa watu hatatoka mtaroni, kwa hiyo akakaza mwendo, mzee yule na miguu yake mibovu, apite upesi.