Shada Litapanda Zoé

Alhamisi, siku chache kabla ya Jumapili ya kubariki boti, tangi la mafuta la boti iitwayo Zoé lilistaafu bila kutoa taarifa. Odalie Verdin alifunua sakafu ya nyuma, akaona dizeli ikielea chini kwa rangi zote za upinde wa mvua. Alitukana kwa Kifaransa, kisha akaomba radhi kwa Kifaransa hichohicho, maana mama yake alikuwa pale gatini akimenya uduvi.

Msiba ulikuwa mkubwa. Tangu enzi za marehemu Télesphore, baba yake, Zoé ndiyo iliyobeba shada la maua la waliofia majini, ikitangulia boti zote hadi bayou, ule mto wa kinamasi, inapokutana na bahari. Sharti lilikuwa moja: boti ya shada iende kwa mashine yake yenyewe. Ikivutwa tu, heshima inahamia kwa inayoifuata. Na iliyoifuata ilikuwa ya binamu yake Clovis, mpya, nyeupe kama meno ya bandia, yenye friji ya bia.

Clovis mwenyewe alifika kabla harufu ya dizeli haijafika barabarani.

"Dada, nimekuja kupima. Nataka kujua kama shada litaenea kwangu."

"Pima kaburi lako kwanza," Odalie alisema. "Ukimaliza, shika huu mnyororo."

Akaushika. Kwa akina Verdin, kumcheka ndugu ni haki yako, lakini kumnyima mkono ni aibu ya kizazi kizima.

Waliipandisha Zoé bandani, juu ya magogo, wakafyonza dizeli iliyobaki na kuihifadhi kwenye mapipa. Kisha Odalie akaikata sakafu kwa msumeno wa mkono, kwa sababu baba yake aliijenga kama wenzake wote wa bayou walivyojenga: weka tangi, mimina povu la plastiki pembeni likauke, funika, sahau. Wakafunga mnyororo kwenye boriti ya banda, wakavuta. Tangi halikutikisika. Kilichotikisika ni Zoé, iliyoinuka taratibu kutoka kwenye magogo, nzima nzima, kama bibi harusi anayebebwa.

"Hongera," Clovis alisema. "Umevua boti."

"Shusha! Shusha, mpumbavu wewe, kabla haijatuangukia!"

Ikabidi walichimbue lile povu kwa visu vya kufungulia chaza. Lilikuwa limelowa chapachapa, kama mkate uliosahauliwa ndani ya supu. Jioni tangi likatoka, likigeuzwa huku na huku. Upande wa kulia alumini ilikuwa safi. Upande wa kushoto ilikuwa imeliwa, ina vishimo vyeupe vya unga, na kimoja kimepenya kabisa.

Odalie akainua macho. Juu ya mahali kile kishimo kilipokuwa, kwenye ukingo wa sakafu uliobaki, kilikuwepo kifuniko kidogo ambacho hakuwahi kujua kazi yake.

"Mama, hiki cha nini?"

Bi Philomène akaacha uduvi wake. "Cha padri. Kila mwaka baba yako alimfungulia abariki mafuta. Padri akishapita, anamalizia ndoo yote ya maji ya baraka humo."

Clovis akalamba kidole kilichogusa povu. "Chumvi!"

"Maji ya baraka ya kizamani yanatiwa chumvi, wewe mpagani."

"Kwa hiyo Mungu ndiye aliyetoboa tangi!" Clovis alicheka mpaka akakaa chini.

Mama yake Odalie hakucheka. "Baba yako alikuwa akisema mafuta yakibarikiwa yatatosha kumrudisha nyumbani. Na alirudi, mwanangu. Kila mara alirudi."

Odalie alilifuta lile tangi bovu kwa kitambaa, polepole, kisha akaliegemeza ukutani mahali ambapo hakuna mtu angeligusa.

Yeye ni fundi wa kuchomelea kwenye kiwanda cha boti, na kesho yake alichomelea tangi jipya, la alumini nene kuliko lile. Alilijaza upepo kidogo, akapaka sabuni kila mshono, akasubiri. Hakuna hata kiputo kimoja kilichotoka.

"Na povu?" Clovis aliuliza.

"Hakuna povu. Linakaa juu ya vipande vya mpira, linafungwa mikanda. Maji yakiingia yapite, hewa ipite. Lipumue."

Clovis alipitisha kiganja juu ya mshono mrefu. "Umechora au umechomelea?" alisema.

Jumapili gati lilijaa. Padri aliingia ndani ya Zoé na ndoo yake, akaenda moja kwa moja upande wa kushoto. Kifuniko hakikuwepo. Sakafu mpya ilikuwa imezibwa.

"Odalie, nitabariki wapi mafuta?"

Bi Philomène akamtazama binti yake.

Odalie akavua kofia, akainamisha kichwa. "Hapa, Baba. Tangi nimelichomelea mimi. Nimwagie mimi."

Padri akamtazama, akatazama ndoo, akammwagia yote.

Huku chumvi ikimchoma macho, Odalie aliwasha mashine. Ikanguruma mara moja, bila kukohoa. Shada likapandishwa, na Zoé ikaondoka mbele ya boti zote.

Redio ikakwaruza. "Dada, punguza mwendo! Hao marehemu hawana haraka."

"Kaa nyuma, kaka," Odalie alijibu, akaongeza mafuta kidogo.